Uzi Kwenye Chupa ya Ami

Alhamisi hii Misi wetu wa sayansi alimimina maji na mafuta ya taa ndani ya faneli ya kioo yenye bilula chini, akayatikisa pamoja mpaka yakawa kama uji uliochacha, akaisimamisha faneli na kutuambia tungoje. Darasa zima likangoja. Mimi, ambaye kungoja si kazi niliyozaliwa nayo, nilikuwa nikimchora Misi kwenye daftari la jirani yangu, pamoja na sharubu zake, maana anazo. Ni chache lakini zina bidii. Halafu ile harufu ikanifikia pale dawati la nyuma, na kalamu ikasimama.

Jirani yangu alinikanyaga mguu, akidhani Misi amenishika. Hakunishika Misi. Yalinishika mafuta ya taa.

Misi akasema vitu vya majimaji ni namna mbili. Vipo visivyopatana, kama hivi mbele yetu: ukiviacha vitulie, kimoja hupanda, kingine huteremka, na baina yake hukaa mstari. Fungua bilula, cha chini kitoke, funga, kazi imekwisha. Na vipo vinavyopatana mno, vikishaingiana haviachani kwa kungojwa, hata uvingoje mpaka uhuru uje na watu wauzoee. Hivyo dawa yake ni moto. Huchemshwa, kila kimoja huruka mvuke kwa joto lake, nawe ukaukamata mvuke huo na kuupoza.

"Kama petroli na mafuta ya taa," alisema, akipangusa chaki mikononi kana kwamba amesema jambo dogo. "Ndiyo kazi ya ile minara ya kusafishia mafuta inayojengwa Changamwe."

"Hayo yakichanganyika hayana mstari, Misi?" niliuliza. Darasa likaanza kucheka mapema, maana mimi nikinyoosha mkono watu hungoja kichekesho.

"Hayana. Hata ukiyatazama mwaka mzima, utaona kitu kimoja tu."

Lakini mimi niliuona mstari huo. Nilikuwa na miaka tisa, nikauonyesha kwa kidole.

Ami ni nduguye babangu, na ndiye aliyenilea. Siku hizo alikuwa na duka la mbao Changamwe, kando ya njia inayoteremkia Jomvu: mchele, chumvi, sabuni ya mche, tambuu, na chini ya upenu pipa moja la mafuta ya taa. Watu walikuja na chupa zao wakapimiwa. Mvua zikianza, maji yaliingia katika mapipa ya wenye maduka wote, na mafuta yenye maji huifanya taa iteme mate kama mzee wa tambuu. Wengine waliyauza hivyo hivyo wakamsingizia Mungu. Ami hakuuza. Alikuwa na chupa kubwa ya kioo, iliyokuja na siki, tumbo lake pana kiasi cha kumweka mtoto ndani. Shingo haikubali, najua, nilijaribu, na Bi Shamsa, mkewe Ami, alinitoa kichwa kwa samli.

Ami aliyavuta mafuta kwa mpira kutoka pipani mpaka kwenye chupa hiyo, akayaacha siku nzima. Jioni chini ungeona maji, juu mafuta, na baina yake mpaka mwembamba unaong'aa. Yeye aliuita uzi. "Uzi umekaa," alisema, akatia mpira mpaka chini kabisa, akafyonza, akatema, na maji yakatoka peke yake mpaka uzi ulipoukaribia mdomo wa mpira. Hapo akabana. Wenzake wa maduka mengine walikuja kumwita awafanyie, wakasimama nyuma yake kama watu walio msikitini. Mimi nilijiona mtoto wa mtu mkubwa.

Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba kila kitu cha majimaji kina adabu zake. Nilimwona Bi Shamsa akipika tui, akangoja, na mafuta ya nazi yakapanda juu yenyewe. Niliona maziwa yakilala na malai yakipanda. Niliona maji ya kisima yakitulia na matope yakishuka. "Kila kitu chajua pa kukaa," aliniambia Bi Shamsa, "isipokuwa wewe." Nikaona dunia ni kama karamu ya harusi: wageni waingie kwa vurugu wapendavyo, ukiwaacha kidogo kila mtu atakwenda kwenye mkeka wake.

Jambo moja nililijua mimi peke yangu. Macho ya Ami yalikuwa yakienda. Mganga mmoja wa Jomvu alimtazama mbele yangu akamwambia ana mtoto wa jicho, nami nikakaa siku mbili nikimchungulia Ami machoni nimwone huyo binamu yangu. Niliona ukungu tu. Ami aliniapisha nisimwambie mtu, hata Bi Shamsa. Tangu siku hiyo nikawa macho yake. Mteja akiingia, mimi nilimwamkia kwa jina, kwa sauti, ili Ami ajue ni nani. Watu walisema mtoto yule ana adabu siku hizi. Hakuna aliyewahi kunisema hivyo kabla, wala baada.

Ilitokea mchana mmoja wa mvua. Dereva mmoja wa lori alikuwa ameweka dukani debe lake la petroli, na Ami alikuwa na debe la mafuta ya taa la kujaziliza pipa. Yalisimama pamoja kama pacha. Ami alikuwa na mafua yaliyomziba pua kabisa. Mimi nilikuwa juu ya gunia la mchele, nikiiba sukari guru, na kwa kuwa mwizi huangalia mlango, sikuangalia Ami. Nilipogeuka, debe lilikuwa kichwa chini pipani, linatoa tone la mwisho.

"Ami," nilisema, "hilo si la dereva?"

Akasimama vile vile, debe mikononi. Akaliinamisha akaligusa mdomoni kwa ndani, akachovya kidole, akakipuliza. Petroli hukauka upesi na huacha ubaridi. Niliona ule ubaridi ukimpanda kutoka kidoleni mpaka usoni.

"Nani mwengine ameona?"

"Hakuna, Ami."

"Shamsa yuwapi?"

"Yuwasuka ukili ndani."

"Basi na wewe hukuona." Akaliweka debe chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Wakijua kuwa siyajui madebe yangu mwenyewe, watanitoa dukani waniweke barazani na tasbihi. Waelewa, mwanangu? Watasema Ami kesha kwisha."

Nikaelewa. Tena nikamfariji, kwa ujuzi wangu wote wa miaka tisa: "Si tutayatia kwenye chupa tu, Ami? Petroli nyepesi. Itapanda."

Akanigeukia. Sijawahi kumpa mtu furaha kama ile. "Kweli," alisema. "Kweli, nyepesi. Itapanda."

Tukajaza chupa ya kioo siku ile ile. Ami akasema mafuta haya ni ndugu, hayatagombana kwa siku moja, tuyape tatu. Akaifunika shingo kwa kitambaa, akaiweka nyuma ya magunia pasipofika mtu. Bi Shamsa alipouliza mbona duka linanuka, Ami akajibu, "Mvua." Mvua ilibebeshwa mengi wiki ile.

Siku ya kwanza, baada ya Alasiri, akaniita. "Tizama. Wauona uzi?"

Nikachuchumaa, nikafumba jicho moja, nikazunguka chupa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Ndani ilikuwa rangi moja kutoka chini hadi shingoni. "Siuoni, Ami."

"Bado," alisema. Siku ya pili nikasema siuoni, akasema bado, lakini hakusema upesi. Chakula hakikumshuka. Usiku ule katika swala ya Isha alisujudu muda mrefu mpaka nikadhani amelala, nikajiandaa kucheka, kisha nikasikia anazungumza na ardhi.

Siku ya tatu akachuchumaa pamoja nami, bega kwa bega, uso wake karibu na kioo kiasi cha pumzi yake kukitia ukungu. Alikuwa akitazama kwa macho yasiyoona, kwa nguvu zake zote. "Mato yako ni mazima, mwanangu," alisema. "N'ambie. Umekaa?"

Nami nikasema, "Umekaa."

"Wapi?"

Nikanyoosha kidole nikakiweka kwenye kioo, karibu na robo ya juu, mahali pazuri tu. Ami akakifuata kidole changu kwa mkono wake, akachukua uzi wa kushonea kutoka kwenye kibweta cha Bi Shamsa, uzi wa kweli, mweusi, akaufunga kuzunguka chupa pale pale niliposhika. Kisha akacheka, akanipiga kichogo, na mimi nikacheka naye. Na wallahi, nilipoutazama ule uzi mweusi nilianza kuona kwamba mafuta ya juu yake yana weupe zaidi.

Akavuta ya chini kwa mpira mpaka karibu na uzi, akayatia kwenye debe safi. Ami si mtu wa ovyo. Alijaza koroboi akaiwasha mwenyewe dukani kuyajaribu. Moto ukapanda mrefu, mweupe, ukarukaruka kama unataka kutoka, halafu ukatulia. "Yawaka kuliko umeme wa kisiwani," alisema. Kesho yake asubuhi akafungua mauzo.

Siku hiyo mteja wa mafuta alikuwa mmoja tu, Mama Akinyi, aliyekuja mchana na chupa yake. Yeye na mumewe walitoka bara. Mume alibeba mizigo bandarini, nao walipanga chumba katika nyumba ya mabati nyuma ya duka, na binti yao Akinyi wa miaka mitatu. Nilimpenda Mama Akinyi kwa sababu aliamini kila nilichomwambia. Wiki mbili nyuma nilimwambia simba ametoroka kwenye behewa stesheni ya Changamwe. Akamfunga mtoto mgongoni akakimbia mpaka msikitini akasimama mlangoni, Mkristo wa watu, mpaka imamu akamletea kiti. Nilichapwa kwa hilo. Nilistahili, kila kiboko.

Baada ya Alasiri Bi Shamsa alitia mafuta yale yale kwenye stovu apike chai. Alipoitia kibiriti, moto haukuwaka, uliruka. Ulipanda mpaka kwenye boriti, ukasema neno moja zito, ukashuka. Bi Shamsa aliufunika kwa gunia lililoloa maji. Alipogeuka hakuwa na nyusi.

"Mafuta gani haya?" alisema. "Ee, baba? Wauza mafuta au wauza mashetani?"

"Stovu hiyo mbovu," alisema Ami. Lakini alinishika mkono akanitoa nje, akainama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ule uzi. Ulikuwa pale ulipogusa?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na Ami mwenyewe alikuwa ameliinamia kulipokea. "Ndio, Ami," nilisema.

"Basi ni stovu," alisema, akanyooka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya minazi. Muda si muda watu wangewasha taa. Nikamkumbuka Mama Akinyi na chupa yake, na miguu ikanitoka yenyewe.

Nilimkuta ameketi mlangoni, koroboi mapajani, anaitia utambi. Chupa yake ya mafuta ilikuwa pembeni, imepungua. Ndani, Akinyi alikuwa amelala mkekani.

"Mama Akinyi, usiwashe!"

"Kwa nini?"

"Ami amesema urudishe mafuta. Panya... panya amefia ndani."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka taratibu, kile kicheko cha mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka huyo huyo. "Wewe mtoto. Juzi ilikuwa simba ya treni. Leo ni panya."

"Wallahi, Mama Akinyi."

"Wallahi yako naijua. Hata hiyo simba ulimwapia. Enda nyumbani, giza inaingia."

Ningesema petroli. Ni neno moja, na hilo hata mtu wa bara analijua. Lakini petroli ilikuwa siri ya Ami, na nyuma ya siri ya Ami ilikuwapo yangu. Nikajaribu kumpokonya koroboi. Akaiinua juu, akiona tunacheza. "Hebu tuone huyo panya," alisema, akapiga kibiriti.

Ilikuwa sauti ndogo, kama shuka lililoloa likikung'utwa. Moto haukukaa kwenye utambi. Uliingia ndani ya kopo na kutoka tena, ukammiminikia mkono kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Angeweza kuiachia koroboi. Ingeangukia ndani, mkekani. Hakuiachia. Alisimama nayo, akatoka nje hatua tatu, mkono wote unawaka, akaitupa uwanjani, ndipo alipopiga kelele. Watu walikuja na mchanga na mablanketi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Akinyi aliamka akalia kwa sababu ya kelele tu. Hakuna cheche iliyomfikia.

Mumewe aliporudi kutoka bandarini, mkewe ameshapelekwa hospitali, Ami alimngoja uwanjani mbele ya watu wote. Nilikuwa nyuma ya upenu. Nilijua sasa atanitaja. Nilikuwa nimeshapanga njia ya kukimbilia.

"Mato yangu, ndugu yangu," Ami alisema. "Hayaoni. Nilimimina nisichokiona, nikakupimia nisichokiona. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi."

Yule mume hakumpiga. Alitazama macho ya Ami kwa muda, akaondoka. Mafuta yote yalimwagwa shimoni. Kabla ya mwezi kwisha, ndugu walikuja wakakaa barazani, wakanywa kahawa, wakamwondoa Ami dukani, kwa heshima kubwa, kama alivyokuwa amekhofia. Mama Akinyi alitoka hospitali na mkono uliokunjamana, vidole viwili havinyooki, wakahamia Miritini. Siku waliyohama alinipungia kwa ule mwingine.

Mtoto akitaka kulala usiku hujipatia hadithi. Yangu ilikuwa hii: uzi ulikuwapo. Niliuona kweli. Ila Ami, kwa macho yake yale, aliuingiza mpira juu kidogo ya uzi, akafyonza petroli. Niliirudia mpaka nikaisadiki, na kwa miaka sita nikamwacha mzee apotee njia barazani, atafute kikombe kwa kupapasa, huku mimi nikichekesha wageni. Hadithi hiyo ilikufa Alhamisi, saa nne na nusu, kwa kipande cha chaki.

Jana Ijumaa nilimkuta Ami barazani. Siku hizi haoni kabisa, ila huuliza vile vile, "Leo mumefunzwa nini?" Kwa kawaida humletea mzaha. Jana nilikuwa nimechoka, nikamweleza somo moja kwa moja: vitu vinavyotengana kwa kutulia, na vinavyotengana kwa moto tu.

"Kama vipi, hivyo vya moto?"

"Kama spiriti na maji," nilisema. "Kama..." Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimenyamaza vibaya. Kipofu husikia unaponyamazia.

Tasbihi ikasimama mkononi mwake. "Kama petroli na mafuta ya taa," alisema.

"Ndio, Ami."

"Hata ukiyaweka siku tatu?"

"Hata mwaka."

"Hayakai uzi."

"Hayakai, Ami."

Bi Shamsa alikuwa akitwanga ndani. 

"Basi siku ile," alisema mwisho, "wewe ulikuwa ukitazama nini?"

Nilitafuta mzaha. Nina mingi, shule nzima yanijua kwa hiyo. Sikupata hata mmoja.

"Nilikuwa nikikutazama wewe usoni, Ami."

Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Aligeuza ule uso kwangu, ule ule niliosemea uongo, akautuliza hapo kana kwamba sasa ni zamu yake kutazama.

"Kesho," alisema, "utanishika mkono twende Miritini. Kwa Mama Akinyi. Mimi yangu nilishayasema. Bado yako."

Leo ndiyo kesho. Ameamka kabla ya Alfajiri. Amevaa kanzu ya Idd na kofia, ameketi mlangoni na bakora yake, mkono mmoja ameshauweka tayari hewani, juu kidogo ya goti, pale mkono wangu utakapokuwa.